Jumanne Moja ya Januari

Ndege aina ya DC-4 ya shirika la Air Congo ilitua kiwanja cha Luano, nje ya mji wa Élisabethville, ikikaribia saa kumi na moja jioni. Ilikuwa Jumanne, Januari 17, 1961. Askari wa Umoja wa Mataifa waliokuwa kiwanjani waliona wanaume watatu wakishushwa, wamefungwa kamba pamoja, macho yamezibwa vitambaa. Tangu walipopakiwa Moanda, pwani ya Kongo, walinzi wao walikuwa wakiwapiga njia nzima, kipigo ambacho marubani hawakutaka kukiona. Walifunga mlango wa chumba chao wakaendelea kurusha ndege. Mmoja wa mateka hao, yule mrefu mwembamba mwenye ndevu za kidevuni, alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi ile. Nchi yenyewe ilikuwa haijatimiza miezi saba ya uhuru.

Patrice Lumumba alikuwa na miaka 35. Pamoja naye walikuwa Maurice Mpolo, aliyekuwa Waziri wa Vijana na Michezo, na Joseph Okito, makamu wa rais wa Seneti. Walipelekwa kwenye nyumba ya Mbelgiji mmoja aitwaye Brouwez, si mbali na kiwanja cha ndege, wakapigwa tena. Moïse Tshombe, aliyekuwa amejitangaza rais wa Katanga iliyojitenga, na mawaziri wake walikuwa wakikutana mjini jioni hiyohiyo. Usiku ulipoingia magari yaliondoka kwa msafara kuelekea porini. Huko mashimo yalikuwa yamekwisha kuchimbwa. Taa za magari ndizo zilizomulika. Kikosi cha askari wa Katanga, chini ya maofisa wa Kibelgiji, kilimpiga risasi Okito kwanza, kisha Mpolo, na Lumumba akawa wa mwisho. Ilikuwa yapata saa tatu na dakika arobaini usiku.

Kwa hesabu ya watu wa pwani, ambao usiku wao hutangulia mchana wake, huo ulikuwa usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 18. Lakini vitabu vyote vimeandika 17, na Kongo yenyewe humkumbuka tarehe 17, kwa hiyo nami nitaifuata hiyo.

Magazeti na redio zetu zina ule ukumbi wa "Leo katika historia": fulani alizaliwa, fulani alikufa, meli ilizama, mfalme alivuliwa taji. Mara nyingi ni kapu la mitumba, kila kitu kimetupwa humo bila kujali kinafanana na nini. Siku 365 ni chache, watu ni mabilioni, lazima wagongane. Januari 17 nayo ina mgongano wa aina hiyo, na mwingine nitaupita haraka. Ila ile ya 1961 ina mambo matatu yaliyotokea ndani ya saa chache, katika mabara mawili, na kamba inayoyafunga si ya kubahatisha.

Tuanze na Miami Beach, Florida. Jioni ya siku hiyo kijana kutoka Louisville, Kentucky, alipanda ulingoni kwa pambano lake la tatu la kulipwa. Jina lake Cassius Clay, na alikuwa anatimiza miaka 19 siku hiyohiyo, maana alizaliwa Januari 17, 1942. Mpinzani wake alikuwa Tony Esperti, bondia mzito wa mwili na mzito wa miguu. Raundi ya tatu mwamuzi alisimamisha pambano. Hakuna aliyeliona kuwa jambo kubwa. Esperti mwenyewe anakumbukwa zaidi kwa kuwa baadaye alitiwa hatiani kwa kumuua mtu wa mafia, katika eneo la Miami, ambako Al Capone, mzaliwa mwingine wa Januari 17, mwaka 1899, alimalizia siku zake. Clay alichukua ushindi wake na kuendelea na safari iliyomfikisha kwenye jina ambalo dunia nzima inalijua, Muhammad Ali.

Njia hizo mbili, ya Lumumba na ya Clay, zilikuwa zimewahi kukutana tena miezi minne nyuma, na hili silioni likitajwa mara kwa mara. Septemba 5, 1960, mjini Rome, Clay alimshinda Mpolandi Zbigniew Pietrzykowski akavaa medali ya dhahabu ya Olimpiki. Jioni ya siku hiyo, mjini Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Rais Joseph Kasavubu aliingia kwenye studio ya redio akatangaza kuwa amemfukuza waziri mkuu wake. Lumumba naye aliikimbilia redio ileile akatangaza kuwa aliyefukuzwa ni Kasavubu. Siku tisa baadaye, Septemba 14, kanali mmoja wa jeshi, aliyewahi kuwa mwandishi wa habari na karani wa karibu wa Lumumba, alisema amewaweka pembeni wote wawili. Huyo ni Joseph-Désiré Mobutu. Jina lake tutakutana nalo tena.

Jinsi Lumumba alivyofika katika ndege ya DC-4 ni safari iliyokwenda mbio mno. Mwaka 1956 alikuwa karani wa posta Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Alikwenda jela, akatoka, akauza bia ya kampuni moja Léopoldville na kujulikana katika kila baa ya jiji, jambo lililomsaidia kuliko mikutano yoyote. Oktoba 1958 aliasisi chama cha MNC pamoja na wenzake, na Desemba akawa Accra, kwenye mkutano mkuu wa watu wa Afrika, akikaa meza moja na watu wa Nkrumah. Alizungumza Kifaransa, Kitetela, Lingala na Kiswahili, na hicho kilikuwa kitu adimu katika nchi ambayo vyama vingine vingi vilikuwa vya kabila na mkoa. Juni 30, 1960 alisimama mbele ya Mfalme Baudouin na kuyataja waziwazi matusi na mateso ya ukoloni ambayo mfalme alikuwa ametoka kuyaita kazi njema. Siku tano baadaye askari waliasi. Julai 11 Katanga, yenye shaba na mgodi wa Shinkolobwe uliotoa urani ya bomu la Hiroshima, ilijitenga kwa msaada wa Wabelgiji. Lumumba aliomba msaada Umoja wa Mataifa, hakuridhika nao, akawaomba Warusi ndege na magari. Kuanzia hapo, kwa Washington, alikuwa mtu wa kuondolewa.

Baada ya Mobutu kutwaa madaraka, Lumumba alikaa nyumbani akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, huku askari wa Mobutu wakiizunguka nyumba wakimsubiri nje. Usiku wa Novemba 27 alitoroka kwa gari wakati mvua ikinyesha, akielekea Stanleyville kwa watu wake. Angeweza kufika. Lakini kila kijiji alichopita watu walitaka kumsikia, naye hakuwanyima. Akakamatwa kwenye mto Sankuru. Alifungwa kambi ya Thysville, na Januari 13 askari wa kambi hiyo walipoasi, wakubwa wa Léopoldville waliingiwa na hofu kwamba mfungwa huyu angetoka na kurudi kwenye kiti. Ndipo ikaamuliwa apelekwe kwa maadui zake wakubwa.

Jambo la tatu la Jumanne ile lilikuwa Washington. Saa mbili na nusu usiku, Rais Dwight Eisenhower aliketi mbele ya kamera za televisheni kuwaaga Wamarekani. Alikuwa na miaka 70, jemadari aliyeongoza majeshi ya Washirika kutua Normandy, na zilikuwa zimebaki siku tatu amkabidhi John Kennedy ofisi. Watu walitarajia maneno ya babu anayestaafu. Badala yake aliwaonya juu ya nguvu inayokua ya muungano wa majeshi na viwanda vya silaha, kwamba inaweza kuvuruga uhuru na demokrasia yao wenyewe. Hotuba hiyo imekuwa maarufu kuliko zote alizotoa, na wapinga vita wa vizazi vyote wamekuwa wakiinukuu.

Piga hesabu ya saa. Alipoanza kusema, Katanga ilikuwa saa tisa na nusu usiku. Lumumba alikuwa amekufa kwa muda unaokaribia saa sita.

Kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na Frank Church iliichunguza habari hii mwaka 1975. Ilieleza kwamba Agosti 18, 1960, katika kikao cha Baraza la Usalama wa Taifa, karani aliyekuwa akiandika kumbukumbu, Robert Johnson, alimsikia Eisenhower akisema maneno aliyoyaelewa kuwa ni amri ya kumuua Lumumba. Wengine waliokuwamo walikana. Lakini mwezi uliofuata mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, alitua Léopoldville akiwa na sumu mkobani, ya kutiwa katika chakula au dawa ya meno ya Lumumba, akamkabidhi mkuu wa kituo cha CIA, Larry Devlin. Devlin alieleza baadaye kuwa aliitupa katika Mto Kongo. Kamati iliamua kwamba si sumu hiyo wala mkono wa CIA moja kwa moja uliomuua Lumumba pale Katanga. Ni kweli. Ila fedha na ushauri vilikwisha kuwafikia waliomkamata, na Devlin alipata habari ya safari yake kabla haijafanyika, asiseme neno la kuizuia.

Binafsi siwezi kuisoma hotuba ile ya kuaga bila kuutazama mkoba wa Gottlieb. Simwiti Eisenhower mnafiki kwa ajili ya hilo. Huenda aliyoyasema aliyaamini. Alikuwa amekaa ndani ya kile alichokuwa akikionya kwa miaka minane, na anayejua ukubwa wa moto ni aliyekuwa akiuchochea.

Kwa nini haraka ile ya Januari? Wapo wanahistoria wanaosema Kennedy alitazamiwa kuwa na mtazamo mpole zaidi kwa wazalendo wa Afrika, na waliomtaka Lumumba aondoke hawakutaka kungoja Ijumaa ya kuapishwa kwake. Kennedy mwenyewe hakuambiwa. Habari iliwekwa kapuni karibu wiki nne, hadi Februari 13, ambapo waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, Godefroid Munongo, aliwaambia waandishi kuwa wafungwa walitoroka wakauawa na wanakijiji. Hakuna aliyemwamini. Ipo picha mashuhuri ya Kennedy akipokea habari hiyo kwa simu, macho amefumba, kiganja kimeshika uso.

Hasira ilienea upesi kuliko habari yenyewe. Balozi za Ubelgiji zilivamiwa katika miji mingi. Moscow ilikipa chuo chake kipya cha wanafunzi wa nchi za nje jina la Lumumba, na vijana wengi wa Afrika Mashariki walikwenda kusoma udaktari na uhandisi hapo. Dar es Salaam, barabara iliyoitwa New Street, ambako TANU ilianzishwa mwaka 1954, ikawa Mtaa wa Lumumba, na hadi leo mtu akikwambia "Lumumba wamesema", ujue anakusudia chama tawala, wala si mtaa. New York, Februari 15, Wamarekani weusi waliingia ukumbi wa Baraza la Usalama wakapiga kelele hadi wakatolewa kwa nguvu. Katika Harlem ya wakati huo Malcolm X alilishika jina la Lumumba asiliachie. Mwaka 1964 alipopata binti wa nne alimpa jina Gamilah Lumumba. Mwaka huohuo, Februari, Malcolm alikuwa Miami kando ya rafiki yake Clay wakati kijana huyo akimwondoa Sonny Liston kwenye ubingwa wa dunia.

Ndiyo njia ambayo Ali na Kongo walifahamiana kwa mbali. Kwa karibu walikutana 1974.

Mobutu wakati huo alikuwa ameifanya Kongo kuwa Zaire, na yeye mwenyewe amekuwa Mobutu Sese Seko. Alikuwa pia amefanya jambo la ujasiri wa ajabu: mwaka 1966 alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa. Promota wa ndondi Don King alipotafuta mtu wa kulipa dola milioni 5 kwa Ali na milioni 5 nyingine kwa George Foreman, hazina ya Zaire ilifunguliwa. Pambano lilipangwa Septemba 25, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, likasogezwa hadi Oktoba 30. Lilipigwa saa kumi alfajiri, ili Wamarekani walione jioni kwenye majumba ya sinema. Ali, miaka 32, aliegemea kamba raundi baada ya raundi akimwacha Foreman apige hadi mikono imchoke, na raundi ya nane akamlaza. Uwanja wote ulikuwa ukimshangilia kwa Lingala, ukimtaka amuue mwenzake.

Nimeona watu wakisimulia usiku huo kama sherehe ya Afrika nzima, na ulikuwa sherehe, sikatai. Lakini waliomlipa Ali ni walewale waliompakia Lumumba ndegeni siku Ali alipotimiza miaka 19. Ali hakuwa na hatia ya hilo. Sidhani hata aliijua tarehe.

Kwetu sisi Ali ana kisa kingine, kidogo na cha kuchekesha kiasi. Januari 1980, baada ya Warusi kuingia Afghanistan, Rais Jimmy Carter alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow. Ili kuwashawishi Waafrika akamtuma Ali, aliyekuwa na miaka 38, amestaafu ndondi kwa muda. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, Februari. Waandishi walimuuliza: mwaka 1976 nchi za Afrika ziliposusia Montreal kwa sababu New Zealand ilicheza raga na Makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Ali alikiri hakuwa ameambiwa habari hiyo, na alionekana wazi kuyumba. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Kutumiwa bondia kwa suala la dola hakukumpendeza. Tanzania ikaenda Moscow, na ndiko Filbert Bayi alikopata medali ya fedha katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na Suleiman Nyambui ya fedha katika mita 5,000. Hadi leo hizo ndizo medali zetu za Olimpiki. Nairobi, Ali alipokewa vizuri zaidi, Rais Moi alikuwa upande wa kususia, na Henry Rono, aliyevunja rekodi nne za dunia mwaka 1978, akakosa Olimpiki ya pili mfululizo. Wakenya wa umri fulani hawajaisamehe.

Januari 17 ina mzaliwa mwingine ambaye maisha yake yaligongana na ya Ali mara mbili. James Earl Jones alizaliwa siku hiyo mwaka 1931 kijijini Arkabutla, Mississippi. Utotoni alikuwa na kigugumizi kikali kiasi cha kukaa miaka kadhaa bila kusema mbele za watu. Mtu huyo ndiye aliyekuja kuwa na sauti iliyotafutwa kuliko zote Hollywood: ya Darth Vader, na mwaka 1994 ya Mufasa, baba yake Simba, katika filamu ambayo watoto wa dunia nzima walijifunzia maneno mawili ya Kiswahili. Kabla ya hayo, mwaka 1968, alicheza jukwaani Broadway mchezo wa bondia mweusi aliyewindwa na serikali kwa kiburi chake, mchezo uliotokana na maisha ya Jack Johnson. Ali wakati huo alikuwa amevuliwa ubingwa kwa kukataa kwenda Vietnam. Alikwenda kuutazama, akasema hii ni habari yangu. Mwaka 1977, katika filamu ambayo Ali aliigiza maisha yake mwenyewe, Jones ndiye aliyepewa nafasi ya Malcolm X.

Eartha Kitt naye ni wa tarehe hii, ingawa muda mrefu hakujua. Alizaliwa mwaka 1927 katika mashamba ya pamba ya South Carolina, akaachwa na mama mapema, akakulia kwa watu. Alipokuwa mwimbaji na mwigizaji maarufu alisherehekea Januari 26, tarehe aliyojipatia tu. Mwaka 1998 wanafunzi wa Chuo cha Benedict huko South Carolina waliitafuta hati yake ya kuzaliwa wakaipata: Januari 17. Alikuwa na miaka 71. Wasomaji wengi hapa wana bibi au babu aliyezaliwa "mwaka wa nzige" au "vita vya Mjerumani", na ambaye tarehe yake ya kitambulisho ilitungwa na karani mwenye haraka, kwa hiyo hawatamshangaa. Jambo jingine kumhusu ni kwamba Januari 18, 1968, siku moja baada ya kuzaliwa kwake ambako hakukujua, alialikwa chakula cha mchana Ikulu ya Marekani akamwambia mke wa Rais Johnson usoni kwamba vijana wanaharibika kwa sababu ya vita vya Vietnam. Kazi zikakauka nchini mwake kwa miaka. Mwaka 1975, mwaka uleule wa kamati ya Church, ilifichuka kuwa CIA ilikuwa na faili lake.

Hata Benjamin Franklin, mtu anayewekwa juu kabisa katika orodha za tarehe hii, hakuzaliwa Januari 17. Boston ilipomzaa mwaka 1706 kalenda ya Waingereza ilisema ni Januari 6. Mwaka 1752 Uingereza na makoloni yake waliacha kalenda ya zamani, wakalala Septemba 2 wakaamka Septemba 14, na siku ya kuzaliwa ya Franklin ikasogea nazo. Yeye mwenyewe alikuwa ametajirika kwa kuchapisha kalenda za mwaka.

Na tarehe haifanani kila mahali. Mabomu ya kwanza ya vita vya Ghuba yaliiangukia Baghdad kabla ya alfajiri ya Januari 17, 1991, wakati Washington ilikuwa bado jioni ya 16. Tetemeko la Northridge, Los Angeles, lilitokea Januari 17, 1994, na la Kobe, Japani, Januari 17, 1995, hili la pili likiua watu zaidi ya 6,000. Mwaka mmoja kamili kati yao, na hapo hakuna kamba yoyote ya kuyaunganisha. Ardhi haina kalenda.

Hawaii ni habari nyingine. Januari 17, 1893, kundi la wenye mashamba ya miwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Marekani, lilimpindua Malkia Liliʻuokalani, huku wanamaji wa Marekani walioshuka melini siku moja kabla wakiwa wamesimama mitaani Honolulu na bunduki zao. Malkia alisalimu amri ili damu isimwagike. Mwaka 1898 visiwa vikamezwa na Marekani. Bunge la Marekani liliomba radhi mwaka 1993, baada ya miaka mia moja. Ubelgiji ilimwombea Lumumba radhi Februari 2002, baada ya miaka 41 na baada ya kitabu cha Ludo De Witte kulilazimisha bunge lake kuchunguza. Ukilinganisha, Wabelgiji walifanya haraka.

Honolulu hiyohiyo ndiko alikofika mwanafunzi kutoka Alego, Siaya, mwaka 1959, akazaa mtoto aliyeitwa Barack, na mtoto huyo akaja kumwoa mzaliwa wa Chicago wa Januari 17, 1964, Michelle Robinson. Siku Michelle aliyozaliwa, Zanzibar ilikuwa na siku tano tu tangu Mapinduzi, na zilibaki siku tatu askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waasi.

Radhi ya Ubelgiji haikuwa na mwili wa kuambatana nao. Mauaji yalipokwisha, polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, aliagizwa kufukua maiti, kuzikatakata na kuziyeyusha kwa asidi. Alitimiza, ila akabaki na jino. Miaka mingi baadaye alijisifia katika televisheni. Jino hilo lilichukuliwa na mahakama kutoka kwa familia yake mwaka 2016, likakabidhiwa watoto wa Lumumba mjini Brussels Juni 20, 2022, likasafirishwa katika jeneza la ukubwa wa kawaida hadi Onalua alikozaliwa, Kisangani na Lubumbashi, na kuzikwa Kinshasa Juni 30.

Nchini Kongo Januari 17 ni sikukuu ya taifa, na inatanguliwa na nyingine. Januari 16, 2001, pungufu siku moja tu ya miaka arobaini, Laurent-Désiré Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake ndani ya ikulu ya Kinshasa. Alikuwa Mlumumba wa zamani, msemaji wa Kiswahili cha Katanga, aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi kabla hajamwondoa Mobutu 1997. Wakongo hupumzika siku mbili mfululizo, mashujaa wawili, kifo cha kila mmoja na maswali yake.

Lakini ukienda Goma usitegemee kwamba Januari 17 itakuletea kwanza jina la Lumumba. Alhamisi ya Januari 17, 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni upande wa kusini. Uji wa mawe ulishuka, ukakata njia ya kurukia ndege, ukapita katikati ya mji, ukaunguza kanisa kuu na masoko, na kuingia Ziwa Kivu. Watu laki kadhaa walivuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wakiwa na magodoro vichwani. Wengine zaidi ya laki moja hawakuwa tena na nyumba. Waliokufa siku ile walikuwa wachache kuliko ilivyohofiwa, lakini siku nne baadaye kituo cha mafuta kililipuka watu wakichota petroli, kikaua makumi. Wakati huo Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD, wala hapakuwa na serikali ya kuwahamisha au kuwarudisha. Walirudi wenyewe, wakatembea juu ya mawe yaliyokuwa bado ya moto, wakapima viwanja vyao kwa kukumbuka, wakaanza kujenga kwa mawe hayohayo meusi. Mei 22, 2021 mlima ulipasuka tena, na mjini humo sasa ukiuliza kuhusu volkano lazima useme ni ipi.